SIKU YA KLINIKI IHESABIWE SIKU YA KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa genge la njia hatuna maneno mengi, lakini safari hii tuna jambo moja ambalo twaomba mlisome mpaka mwisho, kisha mlijadili katika mikutano ya matawi yenu.

Mwenzetu mmoja, mtu wa miaka 56, alianguka asubuhi akiwa ameshika mtaimbo. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na mdomo ukaenda upande. Leo yuko nyumbani kwake, analishwa na mkewe. Kuna waliosema amerogwa, na kuna waliosema ni jua. Sisi tuliokuwa naye kazini twajua ukweli. Alikuwa na presha ya damu, naye alijua kuwa anayo. Alipewa vidonge, akavimeza miezi minne, akajisikia mzima. Lakini kila mara alipewa vidonge vya mwezi mmoja tu. Kila mwezi ilimpasa kupanda gari, kungoja katika mstari tangu asubuhi mpaka alasiri, na siku hiyo mkandarasi aliyemwandika hakumlipa. Mwezi wa tano alidaiwa karo ya mtoto. Akachagua mshahara wa siku. Nani kati yetu hangechagua hivyo?

Watu husema mtu kama huyu alikosa dawa. Sivyo. Dawa ipo. Tena imepimwa kwa miili ya watu kama sisi, katika nchi zetu hizi. Yafaa tueleze jambo hilo, maana wengi wetu hatukuambiwa.

Tuanze na kifua kikuu. Zamani matibabu yake yalichukua hata mwaka mmoja na nusu. Mgonjwa akipata nguvu kidogo alichoka na dawa, akaacha, na ugonjwa ukarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliuliza swali: je, miezi 6 haiwezi kutosha? Wagonjwa waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, bila kutazama cheo wala kabila. Makundi ya miezi 6 yote yalipata streptomaisini na aisoniazidi. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine dawa ya tatu, na jingine halikuongezewa kitu. Baada ya miezi 6 dawa zilisimamishwa, na wagonjwa wakafuatwa kuona nani ataugua tena.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Katika kundi la dawa mbili tu, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano aliugua tena. Katika kundi lililoongezewa rifampisini, walikuwa kama watu 3 tu katika kila 100. Majaribio mengine yakafuata, hapa kwetu na Asia pia, na leo miezi 6 ndiyo dawa ya kawaida ya kifua kikuu karibu dunia nzima. Mgonjwa wa London na mgonjwa wa Makindu wote wanapata faida ya jambo lililojulikana kwa miili ya watu wetu. Wale walioangukia katika kundi la dawa dhaifu wakaugua tena, nao ni lazima tuwaheshimu. Bila wao hakuna ambaye angejua.

Ndugu, tazameni swali lenyewe lilivyokuwa. Madaktari wale hawakuuliza tu kama dawa inaua vijidudu. Waliuliza kama mtu maskini mwenye kazi yake ataweza kuimaliza. Muda wa mgonjwa ulihesabiwa kuwa sehemu ya dawa.

Sasa tuje kwenye presha. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa hapa Kenya karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Kwa hiyo katika genge la watu kumi na wawili, huenda watatu wanayo, na pengine hawajui, maana presha haiumi. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa Waafrika 728 katika nchi sita, na Kenya na Uganda zilikuwamo. Walilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Michanganyiko miwili yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule usio nayo. Amlodipini ni kidonge cha siku nyingi, na bei yake si kubwa. Basi twajua kidonge gani kinafaa, na kinapatikana. Lakini mwenzetu amepooza.

Kilichomshinda ni siku moja katika mwezi.

Tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Twashukuru kwa hilo. Lakini ni lazima alete cheti cha daktari kuwa hawezi kazi. Mtu anayemeza vidonge vyake vizuri anaweza kazi! Hana cheti cha namna hiyo. Sheria yamjua mfanyakazi aliyekwisha kuanguka. Haimjui yule anayejitunza asianguke. Hata kama mwajiri angekubali kumhesabia, kwenda kliniki kila mwezi ni siku 12, na siku za mshahara kamili ni 7 tu. Akipata homa je?

Sisi watu wa njia twajua ujinga wa jambo hili. Hatungoji garimoshi lianguke ndipo tukaze misumari. Twatembea na kukagua reli ingali nzima, na siku hiyo ya kukagua yaitwa kazi, nayo yalipwa. Reli ikitunzwa hivyo, mbona mtu anayeitunza aachwe mpaka avunjike? Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwajiri atasema kuwa kazi itasimama watu wakienda kliniki kila mwezi. Tuna jibu, na jibu hilo pia limetoka katika utafiti. Kuanzia mwaka 2013 mpaka 2017 katika vijiji vya Kenya na Uganda ulifanywa utafiti mkubwa uitwao SEARCH, katika jumuiya 32. Katika nusu ya jumuiya hizo, watu wenye virusi vya ukimwi, presha au kisukari walitunzwa kwa utaratibu mwepesi, kwa heshima, na mgonjwa aliyetulia alirudi kila baada ya miezi mitatu. Baada ya miaka mitatu, katika kila watu 100 wenye presha, 47 walikuwa wameidhibiti, na katika jumuiya nyingine walikuwa 37. Kurudi kila miezi mitatu ni siku 4 tu kwa mwaka. Mwajiri na afanye hesabu mwenyewe: siku 4 za mtu anayeijua njia kwa miaka mingi, au kumpoteza kabisa na kumfundisha mgeni?

Kwa hiyo twaomba viongozi wetu wayaweke mambo haya mezani katika mapatano yajayo:

1. Siku ya kliniki ya mwenye presha, kisukari au ugonjwa mwingine wa muda mrefu ihesabiwe siku ya kazi na ilipwe, akileta karatasi yenye muhuri wa kliniki. Atakayekwenda kilabuni badala ya kliniki, huyo hatutamtetea.

2. Vibarua na watu wa mkandarasi wahesabiwe pia. Presha haiulizi nani amekuandika.

3. Kila genge lipimwe presha hapo kazini walau mara mbili kwa mwaka. Majibu yawe siri ya mfanyakazi, wala yasitumiwe kumfukuza mtu.

4. Chama kizungumze na wakuu wa afya wa kaunti ili mgonjwa aliyetulia apewe vidonge vya miezi mitatu.

Na watafiti wakija kwetu, tusiwakimbie kwa kuwa tumesikia uvumi, wala tusitie sahihi kwa ajili ya soda na nauli. Tuulize: Mnatafuta nini? Madhara ni yapi? Naweza kujitoa bila kunyimwa matibabu? Na kazi ikiisha, dawa iliyofaa tutaipata? Maswali haya si ukaidi. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara nyingi, lasema haki za mtu anayechunguzwa ni lazima zilindwe. Tena watuletee majibu hapa, kwa lugha tunayoielewa.

Mwenzetu hatarudi kushika mtaimbo. Tumemchangia fedha kidogo, nasi tutaendelea. Lakini mchango hauwezi kumrudishia mkono wake. Katika matawi yenu wapo wengine ambao mwezi huu wanachagua kati ya kidonge na mshahara wa siku. Waulizeni, nanyi mtawajua. Kisha tuseme kwa sauti moja ili mwezi ujao wasilazimike kuchagua.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa genge la njia, Kiboko.