Kituo cha Wanafunzi Kisiwe Jengo la Kupangisha

Na Asha Kiponda

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amepanga chumba Kimara. Ana kipindi saa mbili hadi saa nne asubuhi, na kingine kinaanza saa kumi jioni. Katikati hapo anakwenda wapi? Akirudi geto, nauli inamtoka mara mbili na foleni inamla muda. Akienda maktaba, hawezi kujadiliana na wenzake maana pale ni mahali pa kimya. Akikaa kantini bila kununua kitu, anatazamwa mpaka ainuke mwenyewe.

Hilo ndilo swali ninalotaka kila chuo kikuu nchini kijiulize kabla ya kumwita mkandarasi wa kupanua au kukarabati kituo cha wanafunzi. Kipimo cha jengo hilo ni kimoja tu: mwanafunzi asiye na senti mfukoni anaweza kukaa humo tangu asubuhi hadi usiku bila kufukuzwa wala kuona aibu? Kama hawezi, hicho si kituo cha wanafunzi, hata kiwe na vigae vya namna gani.

Jibu ambalo vyuo vyetu vimelitoa hadi sasa ni vimbweta. Aliyesoma Mlimani, kama tunavyokiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anavijua: meza ya zege na mabenchi yake, chini ya mti. Hapo ndipo diskasheni zinafanyika. Utakuta vijana sita wameizunguka laptopu moja, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zimewekewa mawe zisipeperuke, mmoja anaeleza swali ambalo wengine hawakulielewa darasani. Betri ikikaribia kuisha, mtu anatumwa kutafuta soketi. Mvua ya masika ikishuka, kila mmoja anakumbatia madaftari yake na kukimbilia barazani, na somo limeishia hapo. Navipenda vimbweta na sitaki ving'olewe. Ila vinatuonyesha wanafunzi wanahitaji nini: mahali pa kukaa pamoja na kuzungumza kwa sauti, bila kulipia kiti.

Ni kweli kwamba serikali na wahisani wamejenga. Pale Mlimani, Hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, zilifunguliwa Aprili 2017. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, ilifunguliwa Novemba 2018. Ukafuata mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, wa kujenga madarasa na maabara katika vyuo vya umma. Yote haya tuliyahitaji. Lakini mwanafunzi hagawanyiki kati ya kitanda, kitabu na maabara tu. Kuna saa nyingi za siku ambazo hayuko katika lolote kati ya hayo matatu, na sehemu kubwa ya elimu yake anaipatia humo.

Historia ya Mlimani inathibitisha hilo. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini, kikahamia kilimani mwaka 1964. Miaka michache baadaye wanafunzi wa pale walianzisha USARF, umoja wao wa kimapinduzi uliowahi kuongozwa na Yoweri Museveni, na mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida lao la Cheche. Jarida na umoja vilipigwa marufuku mwaka 1970. Hata hivyo, ukiwauliza wasomi wa Afrika kwa nini jina la Dar es Salaam lilivuma miaka ile, watakutajia mijadala hiyo, ambayo wanafunzi waliiendesha wenyewe nje ya ratiba ya vipindi, wakiwa bega kwa bega na walimu kama Walter Rodney. Hakuna mtaala uliowaagiza. Walichokuwa nacho ni muda na mahali pa kukutana.

Kwingine wanafunzi walijitafutia wenyewe mahali kama hapo. Kule Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ambako Mwalimu Nyerere alihitimu mwaka 1952, kuna jengo la wanafunzi liitwalo Teviot Row House, lililofunguliwa mwaka 1889. Wanafunzi walichangisha fedha za kulijenga, hata kwa kuandaa bazari kubwa. Lilikuwa na kasoro zake. Kwa miongo mingi lilikuwa la wanaume peke yao. Lakini limedumu kwa zaidi ya miaka 130, likikarabatiwa na kupanuliwa, kwa sababu tangu siku ya kwanza lilikuwa na wenyewe.

Najua hoja ya wakuu wa vyuo. Ruzuku haitoshi, na jengo lisiloingiza kitu litaoza. Kwa hiyo michoro inaletwa yenye benki, duka la simu, saluni, mgahawa wa bei ya mjini, na kwenye kona moja ofisi ya serikali ya wanafunzi. Sipingi biashara. Benki na steshenari zinahitajika, na kodi yake inaweza kulipia umeme na fundi bomba. Ninachopinga ni biashara kula jengo zima. Pale Mlimani City, juu ya ardhi ya chuo, tumekuwa na jengo kubwa la maduka tangu mwaka 2006. Hatuhitaji jingine dogo lililobandikwa jina la wanafunzi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mnufaika wa mkopo anapewa Sh10,000 za chakula na malazi kwa siku, na kodi ya geto inatoka humo humo. Zabuni ya chakula ikipewa atakayelipa pango kubwa zaidi, pango hilo litalipwa na sahani ya wali maharage ya mtoto huyu.

Kwa hiyo napendekeza. Angalau nusu ya sakafu ya chini isipangishwe kwa yeyote. Iwekwe meza, viti, soketi, maji ya kunywa na vyoo vinavyofanya kazi. Mlango mkuu uwe na njia ya mteremko, ili mwenye kiti mwendo apite pale pale wanapopita wenzake na asizungushwe mlango wa nyuma. Kiwepo chumba cha mama anayenyonyesha, maana wapo. Taa ziwake hadi usiku, ndani na kwenye njia iendayo kituo cha daladala, binti asiache diskasheni saa kumi na mbili kwa kuogopa giza. Na msanifu ajifunze kwa majengo ya zamani ya Mlimani, yenye baraza pana na kuta zinazopitisha upepo, badala ya kutuletea kuta za vioo ambazo bila kiyoyozi hazikaliki.

Fungu la matengenezo liandikwe kwenye bajeti siku ile ile ya kusaini mkataba. Majengo yetu mengi yanangoja ukarabati mkubwa kwa sababu hakuna aliyenunua koki ya Sh20,000 kwa wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo unajengwa kwa mkopo.

La mwisho ndilo kubwa. Wanafunzi wakae kwenye kamati ya ujenzi kabla mchoro haujakamilika, si kuitwa siku ya kukata utepe. Aitwe anayeishi hosteli na anayetoka Kimara, aitwe asiyeona na anayetembelea magongo, waulizwe siku yao inakwendaje saa kwa saa. Serikali za wanafunzi nazo ziache kungoja mwaliko. Muhula huu ziandike barua kwa mabaraza ya vyuo, ambako tayari zina wawakilishi, zidai kuoneshwa michoro na orodha ya wapangaji. Zikinyimwa, waandishi wa habari tupo, na hoja hiyo tutaibeba.