Simu Haina Jicho la Kocha

Imani iliyoenea Afrika Mashariki kwamba mtandao umechukua nafasi ya kocha imejengwa juu ya hadithi ya Julius Yego, Mkenya wa Nandi aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za warushaji kina Andreas Thorkildsen kwenye YouTube, kisha akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72. Hadithi hiyo ni ya kweli, ila husimuliwa nusu: Yego alipelekwa pia Kuortane, nchini Ufini, akanolewa na kocha Petteri Piironen.

Nusu hiyohiyo hufichwa katika hadithi ya Haruka Kitaguchi, mrusha mkuki wa Japani anayependwa mno mitandaoni kwa kicheko chake na kwa castella, keki laini ya mayai anayoila kati ya mtupo na mtupo. Mashabiki wanaijua keki kuliko Domažlice, mji mdogo wa Ucheki alikohamia mwaka 2019 kufundishwa na David Sekerák, kabla ya dhahabu ya dunia mjini Budapest mwaka 2023, aliyoipata kwa mtupo wa mwisho wa mita 66.73, na ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024.

Mrushaji anapokaribia mstari hupiga hatua za kukatisha, yaani za ubavu, mguu mmoja ukipita mbele ya mwingine huku mkono wenye mkuki ukibaki nyuma, kisha mguu wa mbele hukita ardhini ukiwa umenyooka ili kasi ya mwili ihamie begani; goti likilegea nguvu hupotea, na kiwiko kikishuka huumia. Mtazamaji huliona goti la Kitaguchi, la kwake halioni. Atakayejibu kwamba kijana anaweza kujirekodi amesahau kwamba anayejitazama lazima kwanza ajue anatafuta kosa gani.

Tena mtandao si sharti: Zakayo Malekwa aliiwakilisha Tanzania katika mkuki kwenye Olimpiki za 1980, 1984 na 1988, YouTube ikiwa haijazaliwa. Imani kwamba mtandao unatosha, basi, inapendwa kwa sababu ni rahisi mfukoni: anayemwambia mwanafunzi wa Rutamba, kata ya mkoani Lindi yenye ziwa la jina hilohilo, kwamba bando linatosha, amejiondolea wajibu wa kununua chochote. Kinachohitajika ili mwanafunzi huyo afike kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akiwa na mkono mzima, kinajulikana: mkuki wa uzito unaolingana na umri wake, njia ya kukimbilia isiyopungua mita 30, eneo la kuangukia lisilokatizwa na wapita njia, na mwalimu aliyepelekwa kozi, akarudi na kusimama ubavuni mwa mrushaji kila jioni.