Mlango Mwepesi na Nguvu za Karatasi

Juma hili twazungumza juu ya milango na meza nyepesi za bei nafuu, ambazo mtu akizigonga husikia mlio wa utupu. Jamaa za askari huzipenda, kwani uhamisho ukija, meza ya namna hiyo hubebwa na mtu mmoja.

Ndani yake mna karatasi tu: karatasi ngumu ya kahawia iliyogundishwa ikafanya vyumba vidogo vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Kila upande hufunikwa kwa plaiwudi nyembamba. Asidharau mtu! Ubao huo ukilemewa, uso wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Kazi ya karatasi ni kuzuia nyuso hizo zisikaribiane wala zisiteleze. Umbali baina yao ukiongezwa mara mbili, ugumu wa kutopinda huongezeka karibu mara nne, na uzito huongezeka kidogo tu. Huko Madison, Marekani, Maabara ya Mazao ya Misitu ilijenga nyumba ya majaribio kwa mbao za namna hii mwaka 1947, ikaipima kwa miaka mingi.

Majeshi nayo huweka sega la karatasi chini ya magari na mizigo inayodondoshwa kwa miavuli. Likigusa ardhi hubonyea, likameza kishindo, mzigo ukapona. Ila sega lililobonyea halirudi, na hapo ndipo penye shida nyumbani. Meza hiyo huchukua vyema uzito uliotandazwa, kama vitabu na sahani. Lakini mtu akisimama juu yake kwa kisigino ili abadilishe balbu, huacha shimo. Skrubu ikitiwa katikati hushika plaiwudi ya milimita 3 tu, nayo hung'oka. Kwa hiyo fundi hutia vipande vya mbao ngumu ndani, mahali pa bawaba na kitasa. Mwulizeni vilipo kabla ya kutoboa.

Maji ni adui mkubwa zaidi. Karatasi iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na gundi ya kawaida huachia. Mlango wa chumbani hulowa kwa chini kila sakafu ioshwapo, basi upakwe rangi hata ukingo wa chini, ambao mafundi wengi huuacha kwa kuwa hauonekani. Bafuni usiwekwe kabisa.

Wala usiwekwe mlango wa nje. Baba au mama aliye zamu ya usiku ameacha watoto ndani. Mwizi hana haja ya kuvunja kitasa, maana teke moja katikati lapasua plaiwudi na karatasi pamoja. Muuzaji akidai kuwa mlango wake ni mbao tupu, ugongeni katikati, kisha kando ya kitasa. Mlio ukibadilika, ndani mna sega.