Kungoja Wakati wa Mungu: Habari za Rabai

Mkulima anayejua kazi yake hafukui mbegu kila asubuhi ili atazame kama imeota. Akifanya hivyo ataiua kwa mikono yake mwenyewe. Huipanda kwa kipimo chake, huifunika udongo, kisha hugeukia palizi na kazi nyingine za shamba huku akingoja. Mahindi humngojesha miezi. Kahawa humngojesha miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma matunda ya kwanza. Na mtu wa pwani apandaye mnazi ajua kwamba itapita miaka sita au zaidi kabla hajaangua dafu. Hapana mtu amwitaye mkulima huyo mjinga. Walakini mkulima huyo huyo, akiisha kumwomba Mungu jambo siku ya Jumapili, hupenda kuona jibu lake kabla ya Jumamosi. Na lisipokuja, moyo humwambia kwamba labda hapana anayesikia.

Sauti hiyo ya moyoni ndiyo inayoitwa kutoamini. Si ya wale tu wasiokanyaga kanisani. Huketi pia katika viti vya mbele, pamoja na wazee wa kanisa. Yuko karani aliyeomba kwa miaka mingi apate mtoto, na nyumba yake ingali kimya. Yuko mama ambaye mwanawe ameshika njia ya ulevi, na kila usiku humtaja kwa Mungu. Yuko mwalimu wa Injili katika kijiji ambacho watu humsikiliza kwa adabu, wakampa uji, kisha wakaenda zao kama walivyokuja. Watu kama hao hawahitaji kukemewa. Wahitaji kujua kwamba wengine walipita njia hiyo mbele yao.

Biblia yenyewe haifichi jambo hili. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, akiwa na ahadi ya kuwa na uzao mkubwa. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100. Katikati ya ahadi na mtoto ilipita miaka 25, na Sara alicheka aliposikia kwamba atazaa katika uzee wake. Tomaso, mmoja wa wanafunzi, alikataa kusadiki mpaka aone makovu. Na katika Injili ya Marko yumo baba mmoja aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, akakiri kwa machozi kwamba imani anayo, lakini kutoamini pia anako, akaomba asaidiwe. Yesu hakumfukuza baba yule kwa sababu imani yake ilikuwa nusu. Alimponya mtoto.

Katika nchi ya Kenya yenyewe iko habari inayofaa kukumbukwa na kila mtu aliyechoka kungoja. Ni habari ya Rabai, kijiji kilicho juu ya vilima nyuma ya Mombasa, na ya Wajerumani wawili waliotumwa huko na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society.

Wa kwanza alikuwa Johann Ludwig Krapf. Alikuwa amefanya kazi Ethiopia, akafukuzwa huko, akafika Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mkewe Rosine. Nia yake ilikuwa kubwa mno: alitaka vituo vya Injili viungane kama mnyororo kukata Afrika tangu mashariki hata magharibi. Lakini kabla miezi michache haijapita, katika Julai ya mwaka ule ule, Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa; na baada ya siku chache tu yule mtoto naye akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama sawasawa. Badala ya kuomba arudishwe kwao, aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile ni dalili kwamba kazi imekwisha anza.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka wa 1846. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule walipanda vilima kwenda kukaa Rabai kwa Wamijikenda, hali wote wawili wakiugua homa. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa wema. Lakini kupokea wageni ni jambo moja, na kuacha desturi za baba na babu ni jambo jingine. Mwaka ulipita, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mtu wa kwanza aliyejitoa kwa moyo wote alikuwa Mringe, kilema maskini ambaye hakuwa na cheo wala mali, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Katika hesabu ya dunia, hiyo ilikuwa hasara tupu: miaka mingi, makaburi mawili, na Mkristo mmoja aliyelala kitandani akingoja mauti.

Katika siku zile hizo Rebmann alijaribiwa kwa namna nyingine pia, nayo yafundisha mengi juu ya kutoamini. Tarehe 11 Mei, 1848, akisafiri kwenda nchi ya Wachaga pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, aliona weupe juu ya kilele cha mlima mkubwa. Alimwuliza kiongozi ule weupe ni kitu gani. Bwana Kheri alijua tu kwamba huko juu kuna baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alifahamu mara moja anachokiona. Ulikuwa mlima wa Kilimanjaro. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba, 1849, Krapf akiwa Ukambani, katika nchi ya Kitui, aliuona Mlima Kenya, nao pia ulikuwa na theluji.

Habari hizo zilipopigwa chapa Ulaya, baadhi ya wataalamu wa jiografia walizicheka. Mmoja wao, Mwingereza William Desborough Cooley, aliandika kwa ukali kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta, mahali penye jua kali. Cooley alikuwa msomi wa kweli, aliyesoma vitabu vingi vya zamani juu ya Afrika; lakini hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Rebmann hakuwa na la kufanya ila kusema aliyoyaona na kungoja. Alingoja zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika kwenye mlima ule pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa mawe. Na mwaka wa 1862 alirudi akapanda mbali zaidi, mpaka theluji yenyewe ikamwangukia. Tena hata baada ya hapo Cooley hakukubali. Katika miaka yote hiyo theluji ilikuwa pale pale juu ya Kibo. Kukanwa kwake huko Ulaya hakukuipunguza.

Krapf aliondoka Rabai mwaka wa 1853, afya yake ikiwa imevunjika. Rebmann alibaki. Mtoto wake mchanga alikufa. Mkewe Emma alikufa mwaka wa 1866. Siku nyingi hapakuwa na jambo la kuonyesha ila shamba, nyumba, watu wachache waliokuja kusali, na karatasi. Karatasi hizo zilikuwa maneno: neno baada ya neno la lugha za watu, yaliyoandikwa kwa saburi ya karani asiyejua kitabu chake kitasomwa na nani. Macho yake yalianza kufifia, naye akaendelea mpaka giza likamfunika kabisa. Alirudi Ulaya mwaka wa 1875, baada ya miaka 29, akiongozwa kwa mkono na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Alikufa mwaka wa 1876. Kamusi yake ya Kinyanja ilitoka mwaka wa 1877. Krapf alikufa mwaka wa 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882. Kila mmoja wao alikosa kukishika mkononi kitabu chake kwa muda mfupi tu.

Basi je, Mungu alichelewa? Yafaa kutazama yaliyofuata. Tangu mwaka wa 1864 walikuwa wameanza kufika Rabai Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakapelekwa India na kusomeshwa huko Nasik. Kati yao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na mwaka wa 1875 mji wa Freretown ulianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya waliowekwa huru. Mwaka wa 1885 Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu James Hannington. Rabai, ambako kwa miaka mingi hapakuja mtu, palikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Na mwanzo wa mwaka wa 1889 zaidi ya watumwa 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni, wengi wao wakiwa Rabai, walilipiwa fidia wakapewa hati za uhuru. Kama kile kilima kingaliachwa katika mwaka wa tatu au wa kumi kwa sababu hakikuzaa, watu wale wangalikimbilia wapi?

Hapa ndipo panapoonekana tofauti ya saa ya Mungu na saa ya mwanadamu. Krapf aliomba mnyororo wa vituo, akapewa kaburi. Rebmann aliomba wasikilizaji, akapewa kilema mmoja na kundi dogo. Lakini mahali palikuwa panatengenezwa kwa ajili ya watu ambao wakati ule walikuwa wangali watoto, au walikuwa hawajazaliwa. Hapana hata mmoja wa wale wawili aliyeambiwa tarehe. Imani yao haikuwa kujua siku ya mavuno. Ilikuwa kukubali kwamba mwenye shamba anaijua.

Kutoka habari hii mtu aweza kutambua kwamba kutoamini ni kwa namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Kuna kutoamini kwa mtu aliyekaa mbali, kama Cooley. Yeye hupima kila kitu kwa yale ajuayo tayari, na lisiloingia katika kipimo chake hulikana. Mtu wa namna hii hashindwi kwa mabishano. Dawa yake ni kuinuka kwenda kuona: asome Injili mwenyewe badala ya kusikia habari zake barazani, asali kweli badala ya kubishana juu ya sala, awatendee jirani zake kama Kristo alivyofundisha, kisha ndipo atoe hukumu.

Namna ya pili ni kutoamini kwa mtu aliyechoka. Yeye hakatai kwamba mlima upo. Ameutazama muda mrefu, na mawingu hayajaondoka. Huyu asiambiwe kwamba ni mwenye dhambi kuliko wengine. Dawa yake ni ile ya Rebmann: kazi ya leo. Aandike neno moja la leo, apalilie mstari mmoja wa leo, asali sala fupi ya leo, hata kama ni ile ya baba wa mtoto mgonjwa. Anayejilazimisha kuwa na imani ya miaka 29 kwa siku moja ataanguka. Anayeomba imani ya siku moja, na kesho akaomba tena, ataona siku zimekuwa miaka.

Lakini watu wasidhani kwamba kungoja ni kukunja mikono. Mwenye mtoto mgonjwa na aombe, na huku ampeleke hospitali. Mwenye deni na aombe, na huku apunguze matumizi yake. Tena wajihadhari na kila mtu anayetaja siku na saa ya muujiza, akadai fedha mbele. Mungu hakumwuzia Ibrahimu tarehe, wala hakumwuzia Krapf.

Wala isisemwe kwamba kila angojaye atapewa jambo lile lile aliloliomba. Rosine hakuinuka kitandani, na macho ya Rebmann hayakufunguka. Imani ya Kikristo haifichi machozi ya namna hiyo. Husema tu kwamba hayamwagiki bure, na kwamba Yeye aliyelipokea kaburi la Mombasa aweza kulifanya kuwa mbegu.

Wahenga wa pwani husema kwamba subira huvuta heri. Mkristo akubali methali hiyo, na kuongeza neno moja: heri yenyewe huenda ikafika nyumbani kwa mwingine. Atakayekula dafu la mnazi uliopandwa leo labda ni mjukuu. Hata hivyo mwenye busara haachi kupanda.