Haipateksti: Istilahi Moja, Maana Nyingi

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahakiki kadhaa wa fasihi wameizungumzia haipateksti, yaani matini ya kompyuta iliyogawanywa katika vipande na kuunganishwa kwa viungo, kana kwamba ni dhana moja isiyo na utata. Aidha, imedaiwa kwamba matini ya aina hii humkomboa msomaji kutokana na mamlaka ya mwandishi. Makala haya yanapinga dai hilo. Historia ya istilahi yenyewe inadhihirisha kuwa suala la msingi si wingi wa viungo, bali ni nani mwenye uwezo wa kuviweka.

Wazo lilitangulia jina. Mwaka 1945, Vannevar Bush alieleza mashine aliyoiita memeksi, ambayo haikuundwa kamwe. Ilikusudiwa iwe kama meza yenye hifadhi ya mikrofilamu, ambamo mtafiti angeunganisha nyaraka kwa kufuata mkondo wa fikira zake, kisha akawarithisha wenzake mapito hayo. Ted Nelson, aliyeitumia istilahi haipateksti katika makala ya mwaka 1965, alikusudia jambo pana zaidi. Katika mradi wake wa Xanadu, kiungo kilipaswa kuonekana kutoka pande zote mbili, na mwandishi alipwe kila maneno yake yanapotumiwa. Naye Douglas Engelbart, katika onyesho la tarehe 9 Desemba 1968 huko San Francisco, alikitumia kiungo kama zana ya watu wanaofanya kazi kwa pamoja. Licha ya tofauti zao, wote watatu walimwona msomaji kuwa pia mwekaji wa viungo.

Wahakiki wa fasihi walichukua mwelekeo mwingine. George Landow, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alishikilia kuwa haipateksti inatimiza kwa vitendo yale yaliyotangulia kuelezwa na Barthes na Derrida. Mfano uliotajwa sana ni hadithi ya Michael Joyce iitwayo afternoon, a story, iliyoonyeshwa mwaka 1987 na kuchapishwa mwaka 1990. Ina vipande 539, na msomaji huchagua njia yake. Hata hivyo, baadhi ya vipande havifunguki mpaka vingine viwe vimekwisha kusomwa. Sharti hilo liliwekwa na mwandishi, wala msomaji hawezi kuliondoa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuutilia shaka ukombozi wa namna hii. Katika utambaji wa ngano, hadhira huitikia, huuliza na hata hukatiza, na fanani mahiri huibadili ngano papo hapo. Ni kweli kwamba kila usomaji wa hadithi ya Joyce huweza kupita njia tofauti, lakini njia zote zimekwisha kuchorwa. Kuchagua si kutunga.

Maana iliyoenea hatimaye ni ile ya Tim Berners-Lee, aliyewasilisha pendekezo lake huko CERN mwaka 1989. Katika mkutano wa haipateksti uliofanyika San Antonio mwaka 1991, kazi yake ilikubaliwa kama onyesho tu. Kiungo chake ni cha upande mmoja: mtu yeyote huweza kuunganisha ukurasa wake na wa mwingine bila kuomba idhini. Urahisi huo ndio ulioueneza mtandao, lakini gharama yake ni kwamba ukurasa unaolengwa huweza kutoweka na kiungo kikabaki kikielekeza patupu. Zaidi ya hayo, msomaji wa kawaida hana uwezo wa kuweka kiungo chake katika ukurasa wa mwingine.

Kwa hiyo, anayefundisha istilahi hii hana budi kuifundisha pamoja na matawi yake yaliyokatwa. Bila hivyo, mwanafunzi ataichukua maana moja iliyoshinda kuwa ndiyo maana pekee iliyowezekana, na atadhani kuwa kufuata njia zilizochorwa na wengine ni sawa na kuwa huru.