Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mwandaa Uwanja Je?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Juma hili yafaa tujiulize: yule aliyeuandaa uwanja wa kuchezea, yeye hutunzwa na nani?

Tutazame Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilianza huko mwaka 2004, na kwa kawaida hufanyika mwezi Februari, kabla ya mvua za masika. Kwa miaka mingi, kwa siku chache Ngome Kongwe imekuwa ikijaa wanamuziki kutoka pande nyingi za Afrika, gwaride la ngoma na beni hupita mitaani, na wageni hutafuta vyumba vya kulala. Jukwaani humo alisikika pia marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013.

Sisi huyaona majukwaa na taa. Hatuwaoni wale ambao kwa miezi mingi huandika barua za kuomba fedha, hufuatilia vibali, huchagua wasanii, hukodi vipaza sauti, hupatana na majirani, na kufikiri umati utatokea mlango gani ikizuka hatari. Kazi hii ina hesabu na uvumilivu mwingi kuliko ngoma.

Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika, kwa sababu fedha hazikutosha. Ngome ilikuwa palepale, wasanii walikuwapo, na wapenzi wa muziki walikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuwaunganisha. Mwaka 2017 lilirejea, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: sherehe ya mji haioti yenyewe kama nyasi.

Hata hivyo, wengi wetu bado tunaiita kazi hiyo starehe. Kijana akisema anataka kuwa mwandaaji wa matamasha, huulizwa atatafuta lini kazi ya kweli. Twadhani swali hilo si la haki. Anayewawezesha watu wasiojuana kukaa uwanja mmoja kwa amani, na mama muuza chakula akarudi nyumbani na chochote, anaitumikia jamii.

Basi, wazazi, msiwavunje moyo vijana wenye kipaji hicho; wahimizeni wajifunze utunzaji wa hesabu na sheria. Nanyi wafanyabiashara mnaovuna msimu wa tamasha, toeni sehemu ya mavuno. Si vema kuwaachia wafadhili wa mbali mzigo wa furaha yetu wenyewe. Na ninyi waandaaji, mlipeni kwa wakati mbeba vyombo kama mnavyomlipa mwimbaji, tena heshimuni saa za sala na usingizi wa wazee wanaoishi jirani na jukwaa. Mji uliopewa heshima hufungua milango yake tena mwaka unaofuata.