Timu ya Kwetu Imekwenda Wapi?

Tarehe 25 Julai, 2021, mji wa Kigoma ulifurika wageni. Simba na Yanga walikuja kukata shauri la Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba wakashinda kwa bao moja la Taddeo Lwanga, kijana wa Uganda, kisha wageni wakarejea makwao. Mtoto wa Mwanga au wa Ujiji aliyeishuhudia siku ile ana haki ya kumwuliza babaye: "Na sisi, timu yetu ni ipi?"

Zamani jibu lilikuwapo. Miaka ya 1980 mwambao huu ulikuwa na RTC Kigoma, timu iliyobeba jina la Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Makampuni hayo ya umma yaliundwa miaka ya 1970 ili kusambaza sukari, sabuni na nguo mikoani. Soka ya siku zile ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji aliishi kwa kazi yake, na kucheza kulikuwa heshima tu. Kwenda kupambana Dar es Salaam kulimaanisha kuifuata reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250, kisha kuirudia njia ile ile.

Mageuzi ya uchumi yalipoyaondoa makampuni hayo, timu za namna hiyo zilibaki yatima. Jina lilikuwa la mwajiri. Mwajiri alipozikwa, jina likazikwa naye. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tutazame upande wa pili. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 nazo zilianzishwa na vijana wa mitaani wasio na mali. Zimedumu kwa sababu wanachama waliziona kuwa zao, wakazigombea, wakazichangia, na wakawarithisha watoto wao mapenzi hayo.

Vipaji havijapata kutuishia. Mwaka 2003 Simba walipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek mjini Cairo kwa mikwaju ya penalti, langoni alisimama Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Sifa ile ilikwenda Msimbazi, nasi tukabaki kupiga makofi.

Basi tuanze nyumbani. Wazee walioicheza na kuishangilia timu yetu wanapungua mwaka hata mwaka. Mama, ifungue ile sanduku yenye picha za zamani. Baba, andika nyuma ya kila picha majina ya waliosimama na waliochutama. Kisha vijana wa mtaa waunde klabu yenye daftari la wanachama na mchango mdogo wa kila mwezi, isiyomngoja tajiri wala kampuni.

Mtoto amekwisha kuuliza. Tusimjibu kwa jina la timu ya watu.